Oili ya injini: uchague ipi, na uimwage lini

"Gari gani?" anauliza muuzaji bila kuinua macho kwenye simu.

"IST."

Anageuka, anashusha galoni ya lita 4 ya 20W-50, anaipangusa vumbi kwa kiganja. "Chukua hii, kaka. Nchi yetu ya joto, ukiweka oili nyepesi utaunguza injini."

Maneno hayo nimeyasikia Kariakoo, nikayasikia Mwanza, na jamaa zangu wa Nairobi wanasema maduka ya Kirinyaga Road yanaimba wimbo huohuo. Yana chembe ya ukweli, nitaifikia. Lakini kwa IST ambayo injini yake bado nzima, ni ushauri mbaya, na anayeulipia ni mwenye gari.

Naandika hapa nikimfikiria zaidi mwenye gari dogo la petroli lililotoka Japani likiwa limetumika, maana ndilo wengi wetu tunalo. Wenye dizeli na pikipiki nitawagusa njiani.

Hatua ya 1: Jua injini yako kabla hujaenda dukani

Fungua boneti uangalie kifuniko cha kujazia oili. Mara nyingi kimechongwa au kuchapwa daraja la oili juu yake: 5W-30, au 0W-20 kwa magari mapya kidogo kama Aqua. Kama kifuniko si cha asili, tafuta kibati cha chuma ndani ya boneti, au kwenye nguzo ya mlango. Toyota huandika hapo MODEL na ENGINE. IST za kwanza zenye NCP60 zina injini ya 2NZ-FE, cc 1298. Za NCP61 zina 1NZ-FE, cc 1496, ambayo utaikuta pia kwenye Probox nyingi. Zote mbili zinachukua lita 3.7 ukibadilisha oili pamoja na filta. Andika kiasi cha gari lako mahali, maana kuna kosa linafanyika hapo kila siku na nitalirudia.

Kitabu cha gari cha Kijapani usikitupe. Namba hazina lugha: funua kurasa za mwisho, utaona 5W-30 na 3.7 zimekaa palepale, na maneno yanayobaki kamera ya simu inakutafsiria.

Hatua ya 2: Soma zile namba

Katika 5W-30, herufi W ni ya majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake inaeleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi: ikiwa ndogo, oili inafika juu ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, upesi unapowasha. Namba ya pili inaeleza uzito wake ikiwa imepashwa hadi nyuzi 100. Kwa vipimo vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya daraja la 30 katika joto hilo ina mnato wa kati ya 9.3 na 12.5, ya daraja la 50 ni kati ya 16.3 na 21.9. Yaani anayekutoa 30 akakupeleka 50 anakuwekea kitu kizito karibu mara mbili ya kile ambacho njia za oili za injini hiyo zilitengenezewa.

Sasa hoja ya joto. Injini ikishapata joto lake, themostati ndiyo inayoamua maji yafike nyuzi ngapi, na oili inafuata hapohapo au inapita kidogo. Iwe Sapporo kwenye theluji au Temeke mwezi wa pili, injini iliyopata joto lake inafanya kazi kwenye joto linalokaribiana. Tofauti kubwa ya hali ya hewa iko asubuhi unapowasha, na hapo oili nyepesi ndiyo inayosaidia. Wa Njombe na Makete, ambako Julai majani huamka na barafu, wanalijua hili kwa mlio: gari lenye 20W-50 hupiga kelele sekunde kadhaa kabla oili haijafika juu.

Injini hizi za VVT-i zina jambo jingine. Ule mfumo wa kubadilisha taimingi, yaani wakati wa valvu kufunguka, unaendeshwa kwa presha ya oili hiyohiyo, inayopita kwenye valvu ndogo yenye kichujio chembamba cha waya. Oili nzito au yenye tope ikifika pale, gari linakuwa zito kuchanganya, linakula petroli, na taa ya injini inawaka. Utapelekwa kubadilisha sensa tatu kabla mtu hajafikiria oili.

Ile chembe ya ukweli ni hii: injini iliyochoka, inayopunguza oili kati ya sevisi na sevisi au inayotoa moshi wa bluu asubuhi, inaweza kutulia kidogo ukipanda ngazi moja. Kutoka 5W-30 nenda 10W-40, uangalie kwa sevisi mbili. Kurukia 20W-50 mara moja ni kuficha ugonjwa. Na kabla ya hapo kagua valvu ndogo ya PCV, ile ya kupitisha gesi za ndani ya injini, iliyo kwenye kava la juu. Ikiziba, gari hula oili, watu wakalaumu ringi za pistoni. Ni kifaa cha bei ndogo, unakichomoa na kukitikisa: kizima hulia kwa ndani, kilichoziba hukaa kimya.

Hatua ya 3: Herufi za nyuma ya galoni

Hapa ndipo wanunuzi wengi hawafiki. Geuza galoni utafute API, kiwango cha ubora cha Marekani. Ikifuatiwa na S ni ya petroli, ikifuatiwa na C ni ya dizeli, na herufi inayofuata inaeleza umri wa kiwango: SL ni ya mwaka 2001, SN ya 2010, SP ya 2020. Kadiri herufi inavyosogea mbele, ndivyo oili inavyozuia tope na kuchakaa vizuri zaidi, na kwa injini ya petroli mpya inafaa badala ya ya zamani. Kwa gari dogo la petroli usishuke chini ya SN. Galoni za bei ya kutupa zenye SF au SG bado zipo sokoni. Hivyo ni viwango vya miaka ya 1980, na API yenyewe imeshavifuta kwenye orodha ya vinavyotumika.

Dizeli za zamani zisizo na umeme mwingi, kama 1HZ ya Land Cruiser, zinaridhika na 15W-40 yenye CH-4 au CI-4. Dizeli mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzosi, mfano Mazda CX-5, ni habari nyingine. Zinataka oili yenye majivu kidogo, iliyoandikwa JASO DL-1 (kiwango cha Japani), ACEA C3 (cha Ulaya) au kama kitabu kinavyosema. Ukiziwekea ile ya lori, chujio linaziba taratibu. Na hizi zina tabia inayowashangaza watu: oili huongezeka badala ya kupungua, kwa sababu dizeli hupulizwa ndani ili kuchoma masizi na nyingine huteremkia kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Kijiti cha kupimia cha injini hizo kina alama ya X juu ya FULL. Oili ikifika hapo, imwage hata kama ina wiki tatu.

Pikipiki: tafuta JASO MA au MA2. Kwenye Boxer na wenzake, klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili nyingi za kisasa za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, nayo klachi inaishi kwa msuguano. Bodaboda anayejazia oili ya gari iliyobaki gereji huja kulalamika kwamba pikipiki inanguruma mlimani na haiendi.

Wenye BMW, Volkswagen na Mercedes, wenyewe mnajua: hapo namba za SAE hazitoshi, lazima galoni iwe na idhini ya mtengenezaji iliyotajwa kwenye kitabu.

Kuhusu sinthetiki kamili, nusu sinthetiki au ya kawaida: nikiwa na hela, sinthetiki kamili. Inastahimili joto na foleni vizuri zaidi. Lakini oili ya kawaida ya SN inayomwagwa kwa wakati inaishinda sinthetiki iliyosahauliwa mwaka mzima.

Hatua ya 4: Hakikisha ni oili kweli

Oili feki ipo, na iliyo mbaya kabisa ni oili chafu iliyochujwa na kurudishwa kwenye galoni halisi. Angalia pete ya kifuniko: iwe imeshikana, isiwe na alama ya gundi. Angalia foili ya ndani. Linganisha namba ya toleo iliyochapwa kwenye galoni na ile ya kwenye katoni, na katoni ambayo galoni zake zote zimekwaruzika ni katoni iliyokwisha kusafiri mara mbili. Nunua kwa wakala wa kampuni au kituo cha mafuta kinachotoa risiti. Ukishamimina, toboa galoni tupu kwa bisibisi kabla hujaondoka. Kuna watu hupita gereji wakinunua galoni nzima zisizo na mkwaruzo, na unaweza kukisia zinaenda kufanya nini.

Hatua ya 5: Lini uimwage

Kwenye galoni wameandika kilomita 10,000. Fundi ameandika 3,000 kwenye stika. Toyota huko Japani, kwa magari mengi ya petroli yasiyo na turbo, ilisema 15,000 au mwaka mmoja. Nani mkweli?

Vitabu vya Kijapani vinaendelea sentensi inayofuata, na ndiyo inayotuhusu: kwa matumizi magumu, gawanya kwa mbili, yaani 7,500 au miezi sita. Kisha vinaeleza matumizi magumu ni yapi. Njia mbovu zikiwa zaidi ya asilimia 30 ya safari. Safari fupi fupi za kilomita nane kurudi chini. Kwenda mwendo mdogo au kusimama muda mrefu injini ikiwaka. Kupanda na kushuka milima. Kutembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Soma tena ukifikiria mtu anayetoka Mbagala kwenda Posta kila siku, barabara ya mtaani kwake ikiwa na mashimo na vumbi. Amejaza sehemu kubwa ya orodha hiyo. Na hapo wanazungumzia gari jipya na oili halali.

Nakushauri uhesabu saa. Trekta na majenereta huhesabiwa hivyo tangu zamani, na trekta nyingi humwagwa oili kila saa 250. Chukua wiki moja ya kawaida: andika kilomita za dashibodi Jumatatu asubuhi, andika muda injini uliowaka kila siku, Jumapili gawanya kilomita kwa saa. Mtu wa foleni za Dar anaweza kupata wastani wa kilomita 20 kwa saa. Kwake yeye kilomita 5,000 ni saa 250 za injini. Anayekwenda Dodoma na kurudi kwa wastani wa 75 anazimaliza kilomita hizohizo kwa saa 67. Dashibodi zinasoma sawasawa, lakini injini ya kwanza imefanya kazi karibu mara nne, tena kwenye joto lisilo na upepo. Ndiyo maana madereva wawili wenye gari moja hubishana kuhusu 5,000 na wote wana ushahidi.

Mimi saa 250 nimeiweka kuwa ukomo kwa gari dogo la petroli lenye oili nzuri. Kwa hiyo mtu wa mjini: 5,000, na kama wastani wako ni 15 kwa saa, shuka hadi 3,700 hivi. Mtu wa safari ndefu za lami mwenye sinthetiki kamili anaweza kwenda 7,500 hadi 10,000 bila wasiwasi, ila asipite hapo. Yenye turbo ni 5,000 bila mjadala, na kwa matumizi magumu Wajapani wenyewe hushuka hadi 2,500. Gari linalotembea Jumapili tu limwagwe kila miezi sita kwa kalenda, maana safari fupi haziiachi injini ipate joto lake, na unyevu na petroli isiyoungua vinabaki kwenye oili. Ukifungua kifuniko ukakuta utelezi wa rangi ya maziwa chini yake, mara nyingi ndiyo huo. Ila kama kijiti nacho kinatoka na rangi ya chai ya maziwa na maji ya rejeta yanapungua, hapo gasketi ya hedi imeachia. Usiwashe tena.

Bodaboda anayetembea kilomita 120 kwa siku kwenye oili isiyozidi lita moja na kitu amwage kila wiki mbili. Oili ndogo, kazi kubwa.

Na tafadhali, kama fundi alikutolea themostati "kwa sababu huku hakuna baridi", irudishe. Injini isiyofika joto lake huchanganya petroli na oili kila siku, na tope jeusi utakalolikuta kwenye hedi halitatokana na oili mbaya.

Gari limetoka bandarini juzi? Kabla ya yote, angalia nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti. Mara nyingi kuna stika ndogo ya duka la oili la Japani yenye tarehe na kilomita. Mwaka huandikwa kwa enzi: ikiwa H au Heisei, jumlisha 1988, ikiwa R au Reiwa, jumlisha 2018. Kwa hiyo H28 ni 2016. Stika hiyo ina faida ya pili: kama inasema oili ilibadilishwa kwenye kilomita 98,000 na dashibodi yako inasoma 62,000, umeshajua umeuziwa nini. Mwaga oili na filta hapohapo, kisha mwaga tena baada ya kilomita 2,000, maana oili mpya itakuwa imebeba uchafu wa zamani. Dawa kali za kusafisha injini sizipendi kwa gari nisilolijua: zinabandua tope kwa mabonge, na mabonge huziba chujio la pampu ya oili.

Hatua ya 6: Kumwaga, ukiwa umesimama palepale

Unaweza kufanya mwenyewe, au umsimamie fundi. Vyovyote vile, mpangilio ni huu.

Endesha gari dakika tano hadi kumi oili iwe moto wa kushikika, kisha zima. Sehemu iwe tambarare. Ukipandisha kwa jeki, weka stendi. Chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hapaingii mtu. Toyota ndogo nyingi nati ya sampu ni spana namba 14. Ilegeze, weka beseni, acha ichuruzike hadi iwe tone moja moja, dakika kumi kamili. Fundi mwenye haraka hukuachia oili chafu ndani.

Ishike oili kwa vidole. Weusi peke yake si ugonjwa, hasa kwa dizeli, ambayo hugeuka nyeusi siku ya kwanza. Dondosha tone moja kwenye karatasi ya tishu, rudi baada ya nusu saa. Tone lililosambaa likafifia kuelekea ukingoni bado linabeba uchafu wake vizuri. Tone lenye kitovu cheusi kilichoganda na ukingo mkali kama wa muhuri limechoka, na muda wa sevisi yako ni mrefu mno. Chembe zinazometameta ndani ya beseni ni vyuma vya injini, mwite fundi anayefungua injini.

Filta badilisha kila mara. Ukitoa ya zamani, pitisha kidole kwenye mdomo wa injini. Narudia, pitisha kidole. Miaka michache iliyopita filta yangu ilitolewa, ule mpira wake ukabaki umeng'ang'ania kwenye injini, ikafungwa filta mpya juu yake ikiwa na mpira wake. Gari lilitoka gereji likiwa kavu. Karibu na Kibaha taa nyekundu ya oili iliwaka, nikaegesha, nikachungulia chini: mstari mweusi ulikuwa unarudi nyuma kwenye lami mpaka kwenye kona. Niliokoka kwa kuwa nilizima papo hapo. Taa ile haisemi oili inakaribia kuisha. Inasema presha haipo. Ukisogea kilomita mbili kutafuta gereji, injini imenoki.

Filta mpya ipake oili kidogo kwenye mpira, ifunge kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia tu. Nati ya sampu iwekee washa mpya (ile pete ya kuzuia kuvuja) na isikazwe kwa kuning'inia; sampu nyingi zimeharibiwa nyuzi na mtu mwenye nguvu.

Sasa lile kosa. Galoni ni lita 4, injini inataka 3.7, na fundi hugeuza galoni juu chini hadi tone la mwisho kwa sababu "umeshalipia". Oili ikizidi sana, kranki, mhimili unaozunguka chini ya injini, huichapa ikawa povu, na povu halilainishi kitu. Mimina lita 3 na nusu, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, vuta kijiti, kipanguse, kirudishe, kivute tena. Kiwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Inayobaki ifunge uweke kwenye buti, ndiyo utakayojazia. Kijiti hicho kipime kila Jumamosi asubuhi kabla hujawasha. Kutoka alama ya juu hadi ya chini kwa magari mengi madogo ni karibu lita moja, kwa hiyo ukiandika unajua gari linakunywa kiasi gani kwa mwezi.

Andika kilomita na tarehe kwenye karatasi yako, si kwenye stika ya gereji peke yake.

Oili chafu usiimwage mtaroni wala kwenye mchanga nyuma ya nyumba. Mtaani kwangu seremala anaichukua kupaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa, na gereji kubwa huziuzia kampuni zinazozikusanya kwa mapipa. Ukimpa seremala, mpe na glovu kuukuu: ile oili ikizoeleka kwenye ngozi inadhuru, na yeye huwa anaipaka kwa tambara na mikono mitupu.